Injinia anayeongoza timu anatakiwa asikie habari mbaya mapema

Kwenye vyuo vya uinjinia tunajua sana kufundisha hesabu, msongo, saketi, thamodainamiksi, hapo hatuna shida, halafu ikifika projekti ya mwaka wa mwisho tunawagawa wanafunzi kwenye magrupu tunawaambia haya tengenezeni kitu kipya, chagueni kiongozi, tukutane siku ya prezentesheni. Kiongozi anapatikana kwa dakika mbili, ni yule mwenye GPA kubwa ama yule muongeaji. Hapo ndo somo la uongozi limeanza na ndo limeisha, na mi kama mwalimu linaniuma kwa kweli, maana hawa vijana wakiingia kazini karibu kila kitu watakachojenga watakijenga wakiwa timu.

Na siyo kwamba hakuna anayelidai hili. ABET, wale wanaokagua programu za uinjinia kutoka Marekani, kwenye vigezo vyao wanataka mhitimu aweze kufanya kazi kwenye timu ambayo wanachama wake kwa pamoja wanatoa uongozi. Hayo maneno "kwa pamoja" ndo yanayorukwa, watu wanasoma uongozi wanawaza mtu mmoja amesimama mbele.

Mi navyoona, projekti ya ubunifu ina kitu kimoja kinachoitenga na kazi nyingine, hakuna mtu anayejua jibu. Ukiwa unajenga kitu kilichokwisha kujengwa mara mia kiongozi anaweza kugawa kazi na kufuatilia ratiba tu, lakini kwenye kitu kipya, yule anayejua kwanza kwamba wazo limegoma mara nyingi ni mtu mkimya wa pembeni ameshika malitimita, kile kipimo cha umeme, ameona namba haziendi, anajiuliza aseme ama asubiri labda kesho itakaa sawa. Kazi kubwa ya kiongozi ni kuhakikisha huyo mtu anasema leo leo. Mengine yote, ratiba, bajeti, mitingi, yanafundishika kirahisi.

Ndo maana nafundisha Challenger kila mwaka. Chombo kile cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kilisambaratika angani tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka, watu 7 wakafa wote. Wanafunzi wengi wanajua upande wa kiufundi, kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi ya pembeni zilikakamaa kwa baridi, gesi ya moto ikapenya. Wasichojua ni usiku wa kabla yake. Mainjinia wa Morton Thiokol, waliotengeneza roketi zile, walisema kwenye kikao cha simu na NASA kwamba msirushe, baridi imezidi, safari yenye baridi kuliko zote hadi hapo ilikuwa kwenye nyuzi 12 hivi za Selsiasi na hata hiyo pete zilikuwa zimeathirika. Wakaomba muda wakajadiliane wenyewe, na humo ndani bosi mmoja akamwambia mkuu wa uinjinia avue kofia ya uinjinia avae ya umeneja, wakarudi kwenye simu jibu limegeuka. Shida kubwa pale haikuwa hesabu, kilichotokea ni kwamba wenye wasiwasi walijikuta wanatakiwa kuthibitisha kwamba roketi itafeli, wakati kawaida anayetaka kurusha ndo anatakiwa athibitishe ni salama.

Nikimaliza nawauliza, wewe ndo ulikuwa unaongoza kile kikao, ungesema nini? Wote wanajibu ningesitisha. Nawaambia hapana, hiyo ni rahisi ukishajua mwisho wake, wewe una presha ya ratiba, grafu zilizo mbele yako haziko wazi, wakubwa wamekasirika kwenye simu, niambie sentensi yenyewe, iseme kwa sauti. Darasa linakuwa kimya muda mrefu sana. Baadaye mmoja anajaribu, "kabla hatujapiga kura naomba kila aliyeigusa data hii aseme angekuwa ni yeye angerusha ama la," na hapo tunaanza kufundishana uongozi wa kweli, kwa sababu sentensi kama hiyo unaifanyia mazoezi kama mkimbiaji anavyofanyia mazoezi miguu, siku ya shida haiji yenyewe.

Kuna utafiti wa Amy Edmondson wa Harvard naupenda sana. Alikuwa anachunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali, akitegemea timu nzuri ziwe na makosa machache, akakuta timu nzuri ndo zenye makosa mengi kwenye rekodi. Alipochimba akaona tofauti ni kwamba zile timu zilikuwa zinayasema, nyingine zinaficha. Mwaka 1999 akaandika makala kuhusu watu kujisikia salama kusema ndani ya timu, na nikiona grupu la wanafunzi ambalo kila wiki ripoti yao ni "kila kitu kinaenda vizuri" mi naanza kuogopa.

Kwa vitendo, kwanza kiongozi anabadilika kila baada ya wiki chache, na akiwa kwenye zamu yake haruhusiwi kuchoma lehemu wala kugusa kodi za programu ya kompyuta. Hii inawatesa wale wakali, wanamwona mwenzao anaandika programu polepole wanataka kumnyang'anya kompyuta, ila ndo wanajifunza kuuliza badala ya kufanya. Pili, anayeongoza anaongea wa mwisho, akitoa maoni kwanza wengine wote wanakubali tu. Na jambo jingine nalisimamia kwa ukali, wasichana wasigeuzwe makatibu. Ukiacha bila kuangalia, utakuta yule binti anayejua mota kuliko wote ndo anaandika mihtasari na kupamba slaidi, na timu imepoteza injinia wake bora bila hata kugundua.

Mapema kabisa kwenye semista tunafanya zoezi ambalo mwanasaikolojia Gary Klein aliliandikia makala mwaka 2007, mnajifanya projekti imeshakufa, kila mtu anaandika kimya kimya imekufa kwa nini. Yanayotoka ni dhahabu. Betri haitafika hata nusu ya demo. Wiki ile mimi nina mitihani mitatu sitakuwepo. Hakuna mtu kati yetu aliyewahi kuongea na mtumiaji hata mmoja. Hilo la mwisho linajirudia karibu kila mara na wote walikuwa wanalijua, ila kulisema kwenye mitingi ya kawaida unaonekana unavunja moyo wenzako.

Sasa yote haya hayana maana kama maksi zote ziko kwenye kifaa kufanya kazi siku ya mwisho, mwanafunzi siyo mjinga, ataficha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maksi nimeiweka kwenye daftari la maamuzi: tulijua nini siku hiyo, tulikuwa na njia gani, nani alipinga na kwa sababu gani, kitu gani kikitokea tutabadilisha. Timu iliyotupa wazo lake katikati ya semista ikiwa na data ya majaribio mkononi inaweza kupata zote za sehemu hiyo. Walimu wenzangu wengine wananiuliza unampaje mtu maksi kwa kitu kisichowaka, nawaambia kaeni kwanza kwenye mitingi zao za kawaida siyo za prezentesheni. Mi nikikaa pembeni nasubiri mtu aseme "jamani hii haifanyi kazi", halafu naandika swali la kwanza atakalouliza anayeongoza. Wengine wanauliza nani kafanya, wengine wanauliza umeonaje, tuoneshe. Wakimaliza tunakaa tunayasoma pamoja.