Breka Iliyokataa Kuwashwa Kutoka Juu

Saa nane usiku redio ya chumba cha udhibiti ilipoita, nilijua swali kabla halijaulizwa. Mwendeshaji wa mtambo wa kuchoronga miamba, aliyekuwa chini kwenye mgodi wa dhahabu ninaofanyia kazi huku Kanda ya Ziwa, alisema kwa sauti ya mtu anayebembeleza: "Fundi, umeme umekata tena. Niwashie tu kaka yangu, nimebakiza matundu manne." Kwenye skrini yangu breka ya mtambo wake, yaani swichi inayokata umeme yenyewe kukiwa na hitilafu, ilikuwa nyekundu, na kando yake yameandikwa maneno mawili: uvujaji ardhini, yaani umeme unatoroka kwenye nyaya zake na kuingia ardhini.

Wasiowahi kushuka mgodini huniuliza kwa nini umeme wa chini usilindwe kama wa nyumbani. Umeme wetu hushuka kwa volti 11,000, ukafika kwenye transfoma inayohamishika, kisha volti 1,000 hupelekwa kwenye mtambo kwa kebo nene inayoburutwa matopeni na kuning'inizwa ukutani, na ambayo, dereva wa loda akikosea hesabu kwenye kona, hukanyagwa na gurudumu. Kebo hiyo itajeruhiwa. Suala ni lini. Kwa hiyo kinga yote imejengwa juu ya swali la nini kitampata aliyeshika bodi ya mtambo, yaani mwili wake wa chuma, wakati huo.

Katika mfumo wa volti 1,000, kati ya fezi moja (mmoja wa nyaya tatu zenye umeme) na ardhi kuna volti zipatazo 577. Laiti nyutro ya transfoma, yaani sehemu ya kati ambapo fezi zote tatu hukutana, ingeunganishwa ardhini moja kwa moja, hitilafu ingepitisha mamia au maelfu ya ampea, na bodi ya mtambo ingepanda volti za kuua kabla breka haijakata. Ndiyo maana tunaweka rezista kati ya nyutro na ardhi, inayoubana mkondo wa hitilafu usizidi, kwa mfano, ampea 5. Ikiwa njia ya waya wa ardhini ina omu 2, bodi haitapanda zaidi ya volti 10, ambazo mtu mwenye glavu zilizolowa anaweza hata asizihisi. Wakati huohuo relei, kifaa kinachopima mkondo unaovuja, ambayo kwenye kebo hii tumeipanga kwenye miliampea 500, huwa imekwisha kuamuru breka ikate.

Hesabu hiyo nzuri yote inategemea waya mmoja usikatike. Waya wa ardhini ukikatika ndani ya kebo, mtambo utaendelea kuchoronga kama kawaida, na hapo ndipo hatari inapokaa kimya. Kwa sababu hiyo ndani ya kebo kuna waya mwembamba tunaouita pailoti: relei hutuma mkondo mdogo kupitia waya huo, ukazunguka kwenye dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyo mtamboni na kurudi kwa waya wa ardhini, na mzunguko huo ukikatika popote, umeme wote huzimwa. Pini ya pailoti kwenye plagi imefanywa fupi kuliko nyingine makusudi, ili mtu akichomoa plagi, umeme ukate kabla pini kubwa hazijaachana.

Ufuatiliaji wa mbali umenisaidia hasa kabla ya breka kukata. Kwa kebo ya faiba iliyoshushwa hadi kwenye vituo vidogo vya umeme, ninauona mkondo unaovuja kwenye kila saketi saa zote. Mwaka jana kebo ya pampu moja ilitoka miliampea 40 ikafika 180 katika wiki mbili, polepole, bila mtu yeyote kulalamika; tulibadilisha kiungo chake wakati wa kupokezana zamu, na maji hayakupata nafasi ya kupanda.

Nyaya za kutolea habari nazo ni saketi, na wachimbaji wa makaa ya mawe walilijua hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 14 Oktoba 1913 wachimbaji 439 walikufa katika mlipuko wa Senghenydd, Wales, na cheche za kengele za umeme, zilizopigwa kwa kugusanisha nyaya tupu, ni miongoni mwa vyanzo vilivyoshukiwa. Mgodi wetu si wa makaa, lakini habari hiyo hunijia kila ninapoona kisanduku cha vihisi kimeachwa wazi.

Sasa nirudi kwa yule kaka wa matundu manne. Breka iliyokata kwa sababu ya mzigo kupita kiasi huwa naruhusiwa kuirudisha kutoka juu mota ikishapoa. Ya uvujaji ardhini hujifunga, na kabla ya kuwashwa, relei huipima kebo kwa volti ndogo. Ikiikuta mbovu, hukataa. Usiku ule ilikuwa imekwisha kukataa mara mbili, maana yake kuna mtu alikuwa amejaribu kuiwasha kabla ya kunipigia. Nilimjibu kwamba ninashuka, na kwamba asiiguse kebo.

Nilipofika niliikagua kebo kwa tochi kutoka transfoma hadi kona ya tatu. Kwenye ganda la mpira palikuwa na tundu lisilozidi punje ya harage, na maji yalikuwa yakichuruzika kutoka darini moja kwa moja juu yake. Mita mbili kutoka hapo, kijana wa zamu alikuwa ameikalia kebo hiyohiyo, akila mkate.