Skrini nyeusi baada ya kusasisha kerneli: nilivyoirudisha kadi ya michoro kwenye mashine pepe

Seva yangu ina kadi moja tu ya michoro, GTX 1050 Ti, na prosesa yake haina michoro ya ndani. Hilo la pili ndilo lililozaa shida yote. Mwaka 2022 nilipopandisha Proxmox VE (mfumo wa Linux wa kuendeshea mashine pepe) kutoka kerneli 5.13 kwenda 5.15, mashine pepe ya Windows, ambayo nimeikabidhi kadi hiyo moja kwa moja, iliendelea kuwaka bila kulalamika, lakini skrini iliyochomekwa kwenye kadi ilibaki nyeusi.

Kwanza niliangalia kadi imeshikwa na dreva gani:

lspci -nnk -s 01:00

Sehemu zote mbili, ya picha (10de:1c82) na ya sauti (10de:0fb9), zilikuwa mikononi mwa vfio-pci, dreva inayoitenga kadi na seva ili ikabidhiwe mashine pepe. Hapa ndipo wengi hupotea. Wakiona vfio-pci wanadhani upande wa seva umekamilika, wanaanza kusakinisha upya dreva ndani ya Windows. Jibu hilo linaonyesha nani ameishika kadi tu, halionyeshi nani amekalia kumbukumbu yake.

Kisa chenyewe kilikuwa kwenye dmesg (ujumbe wa kerneli), mstari uleule umejirudia ukurasa baada ya ukurasa:

vfio-pci 0000:01:00.0: BAR 1: can't reserve [mem 0xd0000000-0xdfffffff 64bit pref]

BAR 1 ni dirisha la MB 256 ambalo prosesa hulipitia kuifikia kumbukumbu ya kadi. Ili kujua limekaliwa na nani, soma /proc/iomem, orodha ya anwani za kumbukumbu na wanaozitumia, ukiwa root (msimamizi mkuu). Mtumiaji wa kawaida huonyeshwa anwani za sifuri tupu. Chini ya 0000:01:00.0 nilikuta mstari wa ziada: BOOTFB, yaani eneo la picha la wakati wa kuwaka.

UEFI, programu ya ubao mama inayowasha mashine, huiamsha kadi mapema ili ionyeshe nembo na menyu, kisha huikabidhi kerneli lile eneo la picha. Zamani mpokeaji alikuwa efifb, dreva ya picha ya kerneli, na kigezo cha kuwashia kerneli video=efifb:off kilitosha kumzuia. Kerneli hii mpya ililisajili eneo hilo kwa dreva nyingine, simplefb, hivyo kigezo changu cha miaka yote kikawa kinamfungia mlango mtu aliyekwisha kuhama, na hakuna onyo lolote linalotolewa. Ukiwa na kadi ya pili, au michoro ya ndani ya prosesa iliyowekwa kwenye BIOS kuwa ya kwanza kuwaka, BOOTFB itakaa huko na hutaiona shida hii kabisa.

Kabla ya kuhariri faili nilijiridhisha kwanza. Mashine pepe ikiwa imezimwa, kupitia SSH:

echo 1 > /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/remove
echo 1 > /sys/bus/pci/rescan

BOOTFB ikatoweka kwenye iomem, Windows ikatokea skrini. Wapo wanaoishia hapo na kuitia mistari hii kwenye skripti ya kutangulia mashine pepe. Inafanya kazi, ila kwangu hicho ni kiraka. Niliondoa video=efifb:off nikaweka hiki:

initcall_blacklist=sysfb_init

Pa kukiandika pana mtego wake. Seva inayowaka kwa GRUB (programu ya kupakia kerneli) inasoma GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, ikifuatiwa na update-grub. Iliyosakinishwa juu ya ZFS (mfumo wa faili) kwa UEFI mara nyingi hutumia kipakiaji kingine, systemd-boot, na hiyo husoma /etc/kernel/cmdline, mstari mmoja tu, kisha proxmox-boot-tool refresh. Ukihariri faili lisilo lako, hakuna kitakachobadilika na hutaambiwa. Ukishawasha upya, cat /proc/cmdline ndiyo shahidi.

Jua pia gharama yake: baada ya menyu ya kuwasha, seva haitakuonyesha kitu tena kwenye skrini. Mtandao ukikatika utabaki gizani. Kwenye menyu ya GRUB picha bado ipo, kwa hiyo bonyeza e, futa kigezo, kisha Ctrl+X, na utapata skrini kwa mara hiyo moja.

Mengine niliyoyakagua ni madogo. Sauti ya kadi hunyakuliwa na snd_hda_intel, dreva ya sauti ya seva, ikitangulia, hivyo /etc/modprobe.d/vfio.conf yangu inasomeka:

options vfio-pci ids=10de:1c82,10de:0fb9
softdep nouveau pre: vfio-pci
softdep snd_hda_intel pre: vfio-pci

Baada yake ni update-initramfs -u -k all, inayoandika upya faili za mwanzo ambazo kerneli huwaka nazo. Ukiisahau, kerneli itawaka na maagizo ya zamani. Na kama umefika kerneli 6.2 au zaidi, futa vfio_virqfd kwenye /etc/modules. Imeingizwa ndani ya vfio yenyewe, na ule ujumbe wa kutopatikana kwake hauna madhara.

Anwani nazo huhama, hasa ukichomeka diski ya NVMe au ukisasisha BIOS: 01:00 inakuwa 02:00, na kadi ya mtandao enp3s0 inaamka ikiitwa enp4s0. Hili ni la hatari kuliko skrini nyeusi, kwa sababu hostpci0, mstari unaotaja kifaa kinachokabidhiwa mashine pepe, ndani ya /etc/pve/qemu-server/100.conf bado inataja 01:00, na huenda sasa hapo pamekaa diski ya seva yenyewe. Mashine pepe ikijiwasha, seva inanyang'anywa diski yake. Siku hizi, kabla ya sasisho lolote, naanza na hii, inayozuia mashine pepe (namba 100) kujiwasha:

qm set 100 --onboot 0

Nairudisha kuwa 1 baada ya kulinganisha anwani. Usipopata nafasi ya kutengeneza siku hiyohiyo, rudi kerneli ya zamani kwa proxmox-boot-tool kernel pin 5.13.19-6-pve, ukiwa hujaifuta. Ukimaliza kazi, toa amri ya unpin, la sivyo kerneli mpya zitaendelea kusakinishwa na kukaa bure kwenye diski.