"Sawa" ya Jumanne

Leo Jumapili usiku. Watoto wamelala, baba watoto yuko zamu, na mimi bado niko Jumanne, kipindi cha sita, dakika mbili kabla ya kengele.

Ni yule binti wa dirishani wa darasa la 10, niliyewaandikia habari zake mwezi wa kumi, aliyechora mto Mississippi kwa kalamu ya wino bila kuangalia kitabu. Wenzake walikuwa wameshaanza kufunga mabegi. Yeye akanyoosha mkono, akasubiri nimwite, akasema: "Mwalimu, kwenye Katiba unasema 'sisi'. Kwenye pamba unasema 'wao'. Kwa nini?"

Nikamjibu: "Ni namna ya kusema tu."

Akanitazama kidogo. "Sawa," akasema. Kengele ikalia, akavaa koti, akatoka.

Tangu hapo naisikia hiyo sawa. Naisikia nikiosha vyombo, naisikia kwenye gari. Haikuwa ya dharau. Ingekuwa ya dharau ningejua la kufanya, maana nimefundisha historia miaka 17, Tanga na hapa Worcester, Massachusetts, Marekani, na dharau za watoto nazijua zote. Ilikuwa sawa ya mtu aliyebisha hodi, akasikia watu wanaongea ndani, asifunguliwe, akaenda zake.

Nimejaribu kulirudia somo zima la Katiba ya Marekani tangu mwanzo nisikie nilivyolisema. Ni kweli. "Tulipokutana Philadelphia mwaka 1787." Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, mimi mzaliwa wa Pangani. "Tulikuwa wajumbe 55, mwishoni wakatia saini 39." "Tuliogopa kuliandika neno lenyewe." Kisha kipindi kilichofuata, mambo ya pamba na watumwa walioichuma, nikahama bila kujijua: "Walichuma kuanzia alfajiri. Waliuzwa. Walitenganishwa na watoto wao."

Kinachoniuma zaidi ni kwamba somo la Katiba ndilo ninalolipenda kuliko yote, wasomaji wangu wa siku nyingi mnalijua. Huwa nawapa nakala na kalamu za rangi, nawaambia watafute neno "mtumwa" au "utumwa" walipigie mstari. Dakika kumi wanatafuta. Wanakuta "watu wengine wote", ambao watahesabiwa tatu ya tano ya mtu ili majimbo ya Kusini yapate viti zaidi Bungeni. Wanakuta "watu wa namna hiyo", ambao Bunge halitaruhusiwa kuzuia uingizwaji wao kabla ya 1808. Wanakuta "mtu anayewajibika kutumika au kufanya kazi", ambaye akitoroka arudishwe. Neno lenyewe hawalioni. Linaingia kwenye Katiba kwa mara ya kwanza mwaka 1865, katika Marekebisho ya 13, siku ya kuufuta huo utumwa. Pale watoto wanapogundua hivyo, chumba kinanyamaza, na mimi nakaa kimya nao. Nawafundisha kwamba mtu hujificha ndani ya maneno, na msomaji mwenye kalamu humtafuta humo.

Basi binti kachukua kalamu yangu ile ile, kanipigia mstari mimi.

Na pamba yenyewe si habari ya mbali na hapa. Eli Whitney, aliyeunda mashine ya kuchambulia pamba mwaka 1793, alizaliwa Westborough mwaka 1765, mji wa jirani ambako mimi hununua mchele. Kabla ya mashine ile, kutoa mbegu kwenye pamba ya nyuzi fupi kulikuwa kazi ya kuchosha isiyo na faida. Baada yake kila mwenye shamba Kusini alitaka ardhi zaidi na watu zaidi. Sensa ya 1790 ilihesabu watumwa karibu 700,000, ya 1860 karibu milioni 4. Pamba ilipanda kaskazini kwenye viwanda vya Lowell, na sehemu yake ikarudi Kusini ikiwa kitambaa kigumu cha bei rahisi, kuwavalisha wale wale walioichuma. Charles Sumner, mpinga utumwa, alisimama hapa hapa Worcester mwaka 1848 akayataja mapatano ya mabwana wa mjeledi, wenye watumwa wa Kusini, na mabwana wa kitanda cha mfumi, wenye viwanda vya huku. Yote haya nayafundisha vizuri. Nayafundisha kwa "wao".

Kiingereza kinampa mtu nafasi. Neno "sisi" husimama peke yake, unalitamka na kulipita. Kwetu lingening'ang'ania kila kitenzi, tuli-, tuli-, tuli-, na wali-, wali-, wali-, na nadhani ningejisikia mapema. Labda. Au labda najitafutia kisingizio.

Jumatano baba watoto kafaulu usaili wa uraia, Alhamisi theluji ikafunga shule, mkuu wetu katangaza kuwa anaondoka mwezi wa sita. Hayo nitayaandika siku nyingine.

Kuhusu uraia, nilipata hiyo "sisi" yangu kwa kiapo, mchana kweupe, Faneuil Hall kule Boston, nimeinua mkono kati ya watu wa kila rangi. Mmeiona picha, ile ya kilemba cha buluu. Jengo lile Peter Faneuil aliupa mji mwaka 1742, na sehemu ya mali yake ilitoka kwenye biashara ya watumwa. Nilijua siku ile. Nilikuwa nimeshalifundisha. Nikaapa na machozi yakanitoka, na sijutii hata chozi moja. Kwa hiyo najiambia: sisi ninayo haki ya kuisema. Lakini binti hakuuliza kama ninayo haki. Aliuliza kwa nini naiacha mlangoni nikifika kwenye pamba.

Usiku wa Jumatano nikaitoa hotuba ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpinga utumwa, ile ya Rochester, tarehe 5 Julai 1852. Kila mwaka tunaisoma darasani kwa zamu, kila mtoto aya moja. Aliwaambia waliomwalika kwamba sikukuu hii ya nne Julai ni yenu, si yangu. Ninyi mwaweza kufurahi, mimi sina budi kuomboleza. Uhuru wenu, baba zenu. Miaka yote hiyo nimesimama mbele ya watoto nikieleza ukali wa hoja yake, na sikuwahi kuona kuwa hoja yenyewe imebebwa na "-enu". Mtoto wa miaka 15 kaisikia kwangu katika wiki mbili.

Sasa niseme lile lililonijia Alhamisi, theluji ikianguka, watoto wamejifunika blanketi mbele ya televisheni. Sikulitafuta.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na msemo wa kutukanya. Tukila muhogo huku tunatembea: "Sisi waungwana hatuli njiani." Tukicheka kwa sauti: "Sisi waungwana hatucheki hivyo." Nimekua nikijua uungwana ni adabu. Na leo ndivyo ulivyo, mtu akikupisha kwenye foleni unamwita muungwana. Lakini muungwana wa zamani alikuwa ni yule asiye mtumwa, basi. Bibi hakuwa anatufundisha adabu peke yake. Alikuwa anatuonyesha upande wa ua tulio.

Na upande wa pili palikuwa na mtu. Palikuwa na bibi mmoja mkongwe aliyekuja Ijumaa, akiingia kwa mlango wa uani. Alitwanga, alichambua mchele, alipewa chakula kwenye sahani yake peke yake, hakukaa kwenye sinia letu. Tulimwita bibi wa uani. Nilipouliza ni nani kwetu, nikajibiwa, "Ni wa wale wa mashamba." Wale. Pangani yetu ilikuwa na mashamba ya miwa, na miwa ile haikulimwa na waungwana. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika imekuja 1922, miaka 57 baada ya Marekebisho ya 13. Mama yake bibi alikuwa ameshazaliwa. Yule wa uani nadhani alikuwa ni mtoto wa waliokuwa watumwa, kama si zaidi ya hapo. Shuleni tulifundishwa kwamba utumwa waliufanya Waarabu na Wazungu. Nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikapata alama zangu, nikarudi nyumbani nikapishana naye mlangoni.

Kwa hiyo "wao" yangu haikuanzia Massachusetts. Nilikuja nayo.

Nililia kidogo, nikapika maandazi kwa ajili ya watoto, na ajabu ni kwamba nikaanza kujisikia mwepesi. Maandazi yalipokuwa yanaumuka nikajikuta naandika maandalio mapya ya somo nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

Ijumaa nikaingia kipindi cha sita nikawaambia: "Jumanne niliulizwa swali zuri, nikalikwepa. Leo nalijibu." Nikaandika ubaoni neno moja: MERIKANI. Nikawauliza linawakumbusha nini. Kabla sijaendelea, kijana wa Kikongo wa kiti cha nyuma, yule asiyesema wiki nzima, akapiga dawati: "Mwalimu, hiyo ni nguo! Bibi yangu anasema amerikani!" Nikahisi mwili unasisimka. Nikamwambia simama uwaeleze. Akasimama, akaeleza kitambaa cha pamba, cheupe kisichong'aa, na jinsi bibi yake wa Uvira anavyoita hivyo kila shuka ngumu. Darasa zima limegeuka linamtazama.

Nikawapa yaliyobaki. Kwamba meli za Salem, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa, zilipeleka kitambaa hicho Zanzibar. Kwamba Marekani ilitiliana mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na konseli wa kwanza aliyefika 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Kwamba pamba yake ilichumwa na mababu wa baadhi ya waliokaa humu, ikafumwa na viwanda vya jimbo hili, ikavaliwa na mababu wa wengine waliokaa humu. Watu wa bara waliipokea kama fedha, hadi Ujiji. Meli zilirudi na sandarusi na pembe za ndovu, pembe zikaenda Connecticut zikachongwa vibao vya piano. Na pembe hazikutembea zenyewe hadi pwani. Zilibebwa mabegani, na baadhi ya mabega hayo yalikuwa ya watumwa. Nikawaambia kwetu palikuwa na mashamba. Nikawaambia habari za bibi wa uani, na mlango, na sahani. Nikaandika 1865, na chini yake 1922.

Sijawahi kuisema hadithi ile kwa lugha yoyote. Sauti ilinitetemeka, nikaiacha itetemeke.

Binti wa dirishani aliandika muda wote. Kengele haikuwa karibu safari hii, zilibaki dakika 11. Akanyoosha mkono.

"Huyo bibi wa uani, jina lake nani?"

Nikasimama na chaki mkononi. Miaka kumi na zaidi nilimwona kila Ijumaa. Alinisuka nywele. Alinitoa mwiba mguuni kwa sindano na ndimu, nakumbuka vidole vyake, nakumbuka kaniki yake ilivyonuka moshi. Jina silijui.

"Sijui," nikasema.

Hakusema sawa. Alisema, "Unaweza kuuliza?" Akafunga kalamu yake.

Jana asubuhi, kwake ikikaribia magharibi, nikampigia mama. Salamu zikaenda, habari za wajukuu zikaenda, nikauliza. Kimya kikawa kirefu hata nikadhani laini imekatika. Kisha: "Mwanangu, hayo ya nini leo?" Nikamwambia nimeulizwa na mwanafunzi wangu. Akacheka kidogo, akasema atakumbuka, kulikuwa na jina la nyumbani na kulikuwa na jina lake hasa, atamuuliza mama mkubwa kule Bweni, ng'ambo ya mto, akivuka. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kuvuka mwenyewe wiki hii hawezi, mguu umevimba tena.

Upi? Wa kushoto. Tangu lini? Tangu juzi, au juzi ile. Kandambili haziingii. Ukibonyeza kidole? Akanyamaza, nikasikia anabonyeza. "Shimo linabaki," akasema.

Na dawa za presha anakunywa? Anakunywa. Zote? Akabadilisha mazungumzo akaniuliza kama theluji imeyeyuka. Mdogo wangu yuko Handeni kikazi hadi Alhamisi, simu yake tangu jana haipatikani, na msichana wa kazi kaenda kwao kwenye msiba. Kule sasa ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ameshaamka kuswali, na kuinama kwenyewe kwa mguu ule sijui anainamaje. Ngoja nimpigie.