Siku moja na watoto wa kitengo, Tanga

Saa 12:30 asubuhi. Mchakamchaka. Zamani watoto wa kitengo chetu cha wanafunzi wenye ulemavu walikaa chini ya mwarobaini wakilinda mabegi ya wenzao. Siku hizi tunatoka wote: asiyeona anashikana kamba na rafiki yake, wa kiti mwendo anasukuma magurudumu mwenyewe, na mwanzishaji wetu wa nyimbo ni binti mwenye mtindio wa ubongo. Sauti anayo!

Saa 4:00. Mapumziko. Langoni kuna mihogo ya kukaanga, kashata na soda. Mpita njia akimwona mtoto hatembei, anamnunulia soda. Ni upendo, naujua, lakini anayepata nafasi chache za kujitikisa ndiye anayejazwa sukari kuliko wote. Mnunulieni chungwa, jamani, au mtupieni mpira.

Saa 6:00. Muuguzi amekuja kupima uzito na urefu. Waliotangulia waliandika "hawezi kusimama" wakawaruka wangu. Inaniuma, kwa sababu asiyepimwa hayumo kwenye mpango wowote. Leo tumeazima mizani ya magunia. Mtoto anapandishwa na kiti chake, tunaandika. Kisha kiti kitupu, tunatoa. Mwenye mgongo wazi ananyoosha mikono yote miwili, tunapima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ya kingine, na hiyo inasimama badala ya urefu. Akacheka kwa futi kumtekenya kwapani.

Saa 8:30. Mama mmoja kaja kumchukua mwanawe.
"Mwalimu, kunenepa si ndiyo afya?"
"Mama, anahema akihama kitandani. Na wewe mgongo unakuuma kwa kumbeba."
Dawa yake ya kifafa ni miongoni mwa zile zinazoweza kuongeza uzito. Nimemsihi asiiache hata siku moja, aulize kliniki.

Saa 10:00. Rede. Mpira tumeushonea njuga, wa viti mwendo ndio warushaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, wenye ulemavu wakiwemo.

Saa 12:00 jioni. Nimeletewa ratiba ya bonanza la afya: kukimbia, kuruka, kuvuta kamba. Nimeirudisha na nyongeza: mbio za viti mwendo, mkalimani wa lugha ya alama, choo chenye mteremko. Tanzania iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inataja michezo ya watoto hawa. Wakisema bajeti hakuna, mpira wa njuga nitakuja nao mimi.