Nitanunua tu

Wiki hii imejaa: posa ya mwanangu wa bandarini imepokewa, baba yao ametolewa kitambaa cha jicho na sasa anasoma gazeti bila kulisogeza dirishani, na kitinda mimba ameanza kazi. Alhamdulillahi kwa yote. Lakini nikilaza kichwa kwenye mto usiku, kinachonirudia si posa wala jicho. Ni simu ya binti yangu wa Nairobi.

Alipiga Jumapili baada ya Isha.

"Mama, mahamri hayakufura."

"Yamekuwaje?"

"Yamekuwa magumu kama biskuti. Unga ulikuwa mkavu tangu kukanda. Tui la kopo, nililitoa kwenye friji, nikapima vilevile ulivyoniambia. Nikaona halitoshi, nikaongeza. Baadaye ukalegea, nikaongeza unga."

"Uliuacha uumuke?"

"Saa moja, kama ulivyosema. Mama, mbona mapishi yako yanakubali Mombasa tu?"

Nikaanza kumweleza, naye akanikata kwa upole: "Basi mama, usijali. Nitanunua tu."

Kununua si aibu. Nairobi kuna watu wetu wa pwani wanaochoma mahamri mazuri, na mtu anayetoka kazini usiku ana haki ya kununua chakula chake. Kilichoniuma ni kwamba alikwisha kata tamaa kabla sijafika kwenye jibu. Mtoto huyu alisimama kando ya karai langu tangu hajafikia meza. Sasa ana miaka yake ya kutosha, ana jiko lake na mshahara wake, na mahamri ya Ijumaa yanamshinda kwa sababu ya kitu ambacho huku hakuna anayekitaja.

Nimeyarudia maneno yake mara nyingi mno, na kadiri ninavyoyarudia ndivyo ninavyoona kwamba alinipa dalili zote mwenyewe. "Unga ulikuwa mkavu tangu kukanda." Sasa ni Julai, na Julai ya Nairobi usiku hushuka hadi nyuzi 12 hivi, wakati sisi huku Mombasa tunalalamikia upepo wa kusi na bado nyuzi ziko juu ya 20. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24. Yeye alitoa tui kwenye friji akalimimina kwenye unga. Mafuta yale hayakuwa tui tena, yalikuwa chembechembe kama za siagi. Donge likakaza ingawa kipimo kilitosha. Mkono ukamwambia aongeze, akaongeza. Akaendelea kukanda, joto la mikono likayayeyusha, unga ukalegea wote kwa pamoja, ndipo akatia unga mkavu. Unga unaoingia mwisho haupati sukari wala hamira sawasawa, na donge huwa zito hata likikandwa mpaka alfajiri.

Dawa yake ni ndogo. Tui lipashwe kwanza, polepole, likorogwe mpaka liwe sawa, na lisichemke. Kidole kikiingia kisikie joto la mwili wa mtu, yaani nyuzi 37 hadi 40. Likiwa la moto wa kuunguza, likapita nyuzi 55 hivi, hamira hufa na hapo hata ukingoja mpaka kesho hakuna kitakachoumuka. Na tui la kopo ni zito kuliko letu la kukuna na kukamua. Huku nazi moja kubwa naikamua kwa maji ya vuguvugu na tui langu la kwanza lina maji ya kutosha ndani yake. La kopo nalitaka lipunguzwe: mililita 200 za tui kwa mililita 80 za maji.

Yeye ni mtu wa hesabu, kwa hivyo vipimo nimemwandikia kwa gramu. Vikombe vyake si vikombe vyangu. Unga mweupe wa ngano nusu kilo, si ata, ule usiokobolewa. Sukari gramu 100, na isizidi 125, kwa maana sukari nyingi huichelewesha hamira na hufanya mahamri yawe meusi nje kabla ndani hakujaiva. Hamira ya chembechembe gramu 5, kijiko cha chai kimoja na nusu. Iliki kijiko kimoja cha chai, itwangwe siku ileile, kwa kuwa ya pakiti iliyokaa kabatini hubaki vumbi bila harufu. Chumvi kidogo sana. Tui jumla mililita 280, lakini asilitie lote kwa mara moja: robo tatu kwanza, akande, kisha linalobaki kidogo kidogo. Unga mmoja hunywa kuliko mwingine. Mayai sitii. Wapo watiao, na mahamri yao huwa laini siku hiyo, ila kesho yake hukauka upesi. Maziwa ya unga kijiko kimoja au viwili si vibaya.

Kukanda ni dakika 10 za kweli, za kusukuma kwa kiganja na kukunja, mpaka donge likiachwa lisishike mkono na ukilivuta livutike bila kukatika.

Sasa hilo la saa moja. Saa moja ni kipimo cha jikoni kwangu, ambako mchana kuna nyuzi 28 na unyevu wa bahari mle ndani. Januari na Februari, kaskazi inapovuma, hata dakika 45 hutosha, na ukisahau unga hupita kiasi ukanuka uchachu. Jikoni kwake kuna nyuzi 18. Hapo saa moja ndiyo kwanza hamira inaamka. Anahitaji saa tatu, pengine zaidi, au autie unga wake ndani ya tanuri lililozimwa taa ikiwa inawaka, ama aweke bakuli juu ya sufuria ya maji ya vuguvugu na kufunika yote kwa taulo zito. Wala asitazame saa. Atazame unga: uwe maradufu, na ukiubonyeza kwa kidole kilichopakwa mafuta, tundu lirudi taratibu, lisirudi lote. Likirudi mara moja, bado. Lisiporudi kabisa, umepitiliza, aukande kidogo na kuungoja tena.

Akisha, agawe madonge sita. Kila donge alisukume mpaka duara la sentimita 18 hivi, unene wa nusu sentimita, akate vipande vinne. Hapo atapata mahamri 24. Wengi hapa ndipo wanapoharibu, kwa sababu husukuma wembamba wa chapati, na unga mwembamba hauna nafasi ya kufungua tumbo. Kibaoni anyunyize unga kidogo mno, kwani unga wa juu huungua kwenye mafuta na kuyatia weusi. Vipande vipumzike dakika 15 hadi 20 chini ya kitambaa, na kitambaa ni lazima kwake kuliko kwangu. Hewa ya Nairobi ni kavu. Ngozi ya juu ikikauka hupasuka ndani ya mafuta, mvuke hutoka, na hamri hulala bapa.

Kuhusu mafuta hakuniambia kitu, na sikupata nafasi ya kumuuliza yalitoka rangi gani. Mahamri meupe yaliyonywa mafuta yana maana mafuta yalikuwa baridi. Yaliyoungua nje na mabichi ndani, mafuta yalikuwa na moto mwingi. Nyuzi 180 ndizo, na asiye na kipima joto atupe kinyunya kidogo: kizame, kisha kiibuke upesi na mapovu pande zote. Mafuta yawe na kina cha sentimita tano. Hamri likiingia, upande wake wa juu umwagiwe mafuta kwa upawa mfululizo, hapo hapo, sekunde za mwanzo. Ndiyo kazi yote. Moto wa juu na wa chini ukikutana, mvuke hunaswa katikati na hamri linafura. Ukingoja mpaka upande wa chini ukauke ndipo uanze kumwagia, umechelewa. Geuza mara moja, toa likiwa na rangi ya kahawia ya asali, weka kwenye kung'uto, si kwenye bakuli lililofunikwa. Na yasijae kwenye karai, manne au matano yatosha, maana kila kipande kinashusha joto la mafuta.

Niliyaandika yote hayo usiku, nikayatuma vipande vipande kwa simu, nikalala nikiwa bado na kidonda changu.

Asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, nikajikuta nasikia sehemu nyingine ya maneno yake. "Nikaona halitoshi, nikaongeza." Mtoto aliona. Alikuwa na kipimo mbele yake, na mkono wake ukakikataa kipimo. Ule ni mkono wa mpishi, wallahi. Wangapi wangeendelea kukanda unga mkavu kwa kuwa karatasi imesema hivyo? Mkono wake ulijua unga wa mahamri unavyotakiwa kuwa, na uliujua kwa kusimama kando ya karai langu miaka yote ile. Kilichomshinda ni baridi, na baridi ina dawa. Furaha iliyoniingia hapo sikuitarajia. Chai ilipoa nikiwa nacheka peke yangu, baba yao akauliza kulikoni, nikamwambia binti yako anajua kupika. Akasema, "Si ndivyo?" akarudi gazetini.

Bado hajanijibu zaidi ya alama ya moyo. Sawa. Wakikua ndivyo wanavyojibu, na moyo mmoja kwa ukurasa mzima wa maelezo naupokea kwa mikono miwili.

Sasa najua kitakachofuata, kwa kuwa mahamri hayaliwi makavu. Atataka mbaazi, na mbaazi ndizo zitakazomtesa zaidi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hata aongeze moto vipi, maji hayapandi zaidi ya hapo. Mbaazi kavu zinazoiva kwangu kwa saa moja na nusu zitamlia gesi yake yote. Azilowanishe usiku kucha, amwage maji yale, na atumie sufuria ya presha. Magadi asitie, huharakisha, ni kweli, lakini mbaazi huvurujika na ladha yake hubaki mdomoni. Nyanya na ndimu visiguse sufuria mpaka mbaazi ziwe laini, kwa sababu uchachu huzifanya zibaki ngumu. Zikiiva, ndipo tui jepesi, kitunguu, pilipili mbichi nzima na chumvi, zichemke polepole mpaka mchuzi ukaribie kukauka. Tui zito ni la mwisho kabisa, moto mdogo, likorogwe upande mmoja, sufuria wazi. Likitokota kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea upande na maji upande, na hapo halirudi.

Kama ataona ni kazi, mimi naweza kumpelekea mahamri kwa basi la usiku. Yanafika vizuri kwa sharti moja: yapoe kabisa, saa mbili nzima kwenye kung'uto, kabla ya kufungwa kwa kitambaa na kutiwa kikapuni. Yakifungwa na joto hutoka jasho, na kufika Nairobi huwa yamelowa na kuanza kunuka. Ila hotipoti situmi tena. Hotipoti zangu zote ziko kwa watoto, ile ya maua iko South B kwa huyu wa Nairobi na ile ya buluu iko Bamburi kwa yule wa bandarini, ambaye akija huku huja mikono mitupu, hula, hushukuru, hubeba, na huondoka. Nawapenda, na nazitaka hotipoti zangu. Arusi inakuja na nitazihitaji.

Linalonitia hofu usiku huu ni mnazi wa uani. Umejaa nazi kavu, kusi inavuma tangu alasiri na makuti yanapiga bati la jirani. Nazi moja na kumbi lake hufika kilo moja au zaidi, na chini yake ndipo kipitapo kijia cha watoto wanaokwenda chuoni kusoma Kurani asubuhi na alasiri. Mkwezi wetu goti limemkataa, na wanawe hawapandi. Kesho kitinda mimba akitoka kazini apite kwa yule muuza madafu wa stejini, yeye lazima ana mkwezi wake. Kwa sasa nimefunga kijia kwa kamba na kiti cha plastiki, watoto wazungukie upande wa mwembe.