Swali la chemsha bongo lisilozua ubishi

Swali zuri la chemsha bongo lina jibu moja tu. Ukiuliza vita vya Uingereza na Zanzibar vilidumu dakika ngapi, umejitafutia ugomvi: wengine huandika 38, wengine 45, kwa kuwa hawakubaliani vihesabiwe kuanzia wapi hadi wapi. Uliza tarehe: 27 Agosti 1896. Kisha unganisha na sheria, maana Katiba ya sasa ya Kenya nayo ilizinduliwa 27 Agosti, mwaka 2010. Maswali yanayoshikana hivi yanapendeza mno.

Kwenye muziki, epuka "nani bora". Uliza Siti binti Saad alisafiri hadi mji gani kurekodi santuri mwaka 1928. Bombay, basi.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni la jikoni: karafuu tunayotia kwenye pilau ni sehemu gani ya mmea? Wengi watasema mbegu, wengine tunda. Ni tumba la ua, linalochumwa kabla halijachanua, kisha likaanikwa hadi likawa kahawia iliyokolea. Likishachanua, thamani yake hushuka. Kila mtu ameishika mkononi, na bado hukosea.

Fasihi inataka neno moja la ziada. "Mwafrika aliyepata Nobel ya Fasihi" lina majibu kadhaa. Sema "Mwafrika wa kwanza", jibu ni Wole Soyinka, 1986. Atakayekurupuka atamtaja Abdulrazak Gurnah, aliyeipata 2021, kwa hiyo soma neno "kwanza" polepole na kwa sauti.