Nilitaka Dawa ya Maumivu, Si ya Kusahau

Jirani yangu wa Kiborloni, ambaye nimeimba naye kwaya tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi, alipimwa utumbo mpana kwa kamera katika hospitali ya mji mwingine. Aliporudi alitusimulia kwamba hakusikia kitu. "Walinichoma sindano, nikalala, nikaamka wananiambia tayari." Aliyasema hayo kwa furaha ya kweli. Lakini mwanawe, aliyempeleka na kukaa kwenye benchi nje ya mlango, alinivuta pembeni siku hiyohiyo. "Mama mdogo, mimi nilimsikia. Alilia sana, alikuwa anawaambia waache. Sijamwambia, maana mwenyewe hakumbuki."

Maneno ya kijana yule yaliniganda. Mama alisema kweli na mwana alisema kweli, na sikuona namna ya kuwapatanisha. Mtu akilia kisha akasahau, bado amelia. Hivyo ndivyo nilivyoamini siku ile, na hivyo ndivyo ninavyoamini leo.

Haikuchukua muda ikawa zamu yangu. Nilianza kuona damu kwenye choo, kisha kipimo kikaonyesha kiwango cha damu mwilini kimeshuka. Daktari wetu hapa Moshi alisema huenda ni bawasiri, ila kwa umri wangu wa miaka 61 hakutaka kubahatisha; utumbo wote uangaliwe. Siku niliyokwenda kuchukua dawa ya kusafisha tumbo niliomba kuonana naye, nikamweleza kisa cha jirani bila kutaja jina wala hospitali. Nikamuuliza, "Daktari, ile sindano inaondoa maumivu, au inaondoa kumbukumbu ya maumivu?"

Aliweka kalamu chini. "Mwalimu, hizo ni dawa mbili, na wagonjwa wengi hudhani ni moja."

Akanieleza taratibu. Midazolamu hutuliza woga, huleta usingizi mwepesi na kufuta kumbukumbu ya yale yanayotokea wakati imo mwilini. Yenyewe haizuii maumivu. Ya maumivu ni nyingine, pethidini au fentanili. Zikitolewa pamoja zinasaidiana, lakini pia zinaongezeana nguvu ya kupunguza pumzi, ndiyo maana hutolewa kidogokidogo, mgonjwa akiwa amebanwa kidole na kifaa kinachosoma oksijeni, na dawa za kuzikatisha nguvu zikiwa tayari pembeni. Ipo pia propofoli, inayomlaza mtu kabisa, lakini hiyo inataka mtaalamu wa usingizi akae pale muda wote. Marekani wengi hupewa hiyo. Norway wengi hufanyiwa kipimo hikihiki bila dawa yoyote ya usingizi. Nilishangaa. Nilikuwa nikidhani jambo hili lina njia moja, na wazungu ndio wanaoijua.

Nikamwambia ninachotaka. Ya maumivu itangulie, ipewe muda ifanye kazi. Ya kutuliza iwe kidogo. Na nikisema simama, asimame. Alikubali yote matatu, ila akaongeza jambo ambalo nimelitafakari sana tangu siku ile: wapo wagonjwa ambao kusahau ndiko wanakokuja kukiomba, hasa waliowahi kuumizwa vibaya kwenye sehemu hizo za mwili, na hao wana haki yao. Kusahau si kubaya, alisema, mradi maumivu nayo yawe yametibiwa.

Mdogo wangu hakupendezwa hata kidogo. "Dada, si ulale tu yaishe? Unataka kuona nini huko?" Nilimwambia nataka kuwepo. Akanyamaza, lakini alikuja kutoka Himo kunisindikiza.

Maandalizi sitayaeleza kwa urefu. Siku chache bila maharage, bila mboga za majani, bila matunda yenye mbegu; siku ya mwisho chai ya rangi na supu iliyochujwa, wala kinywaji chochote chekundu, kisije kikaonekana kama damu. Kisha lita 4 za maji ya dawa, nusu jioni na nusu alfajiri. Kuna jambo moja tu nataka lijulikane: utumbo usiposafishika vizuri daktari hulazimika kuosha na kunyonya kila hatua, na kipimo kinarefuka. Kila glasi uliyoimaliza ni dakika umejipunguzia kitandani.

Asubuhi yake nesi alinipokea mlangoni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Alinipa kaptula iliyo wazi nyuma tu, na shuka juu yake, akaniambia pataonekana panapohitajika na si zaidi. Sikuwa nimemwambia kwamba hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko maumivu. Mwanamke wa umri wangu, aliyesimama mbele ya darasa miaka yote hiyo, anaona aibu kulala hivyo mbele ya vijana. Binti yule alilijua bila kuambiwa, na hadi leo namwombea.

Nililala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea tumboni. Nesi alinishika mkono wa kulia. "Ukishindwa kusema, inua huu." Pethidini iliingia kwanza. Mdomo ukakauka, joto likanipanda kifuani. Tukasubiri. Baadaye ikaja midazolamu, mabega yakalegea, lakini nilikuwa macho na niliiona skrini. Kuta za utumbo ni za waridi, zinang'aa, na mishipa ya damu juu yake ni myembamba mno. Sikutegemea kuona uzuri mle ndani.

Kisha yakaja, chini kushoto, maumivu ya kukata pumzi, yakapanda kuelekea mbavuni. Nikainua mkono.

Daktari akasimama. Akanieleza huku mikono yake imetulia: utumbo una kona, na ile ya chini kushoto haikushikwa imara tumboni, kwa hiyo bomba lenye kamera linaposukumwa hujikunja pale kama mpira wa kumwagilia bustani. Linapojikunja linavuta utando unaoushikilia utumbo, na mvuto huo pamoja na hewa inayopulizwa ndiyo mtu anausikia. Akalirudisha nyuma, akalinyoosha, akanyonya hewa. Nesi akanibonyeza tumbo kwa kiganja, wakanigeuza chali. Maumivu yakaisha palepale. Hawakuniongezea dawa hata tone.

Ningekuwa nimelala fofofo, nani angejua kwamba pale panauma? Labda mashine ingeonyesha moyo unakimbia. Labda ningelia na kesho yake nisimulie kwamba sikusikia kitu.

Walifika mwanzo wa utumbo mpana, pale utumbo mdogo unapomimina, wakaanza kurudi polepole wakitazama. Njiani kikaonekana kinyama, yaani uvimbe mdogo ulioota kwenye ukuta wa utumbo, milimita 8 hivi. Daktari akapitisha waya mwembamba wenye kitanzi. Nikakaza meno. "Hutasikia," akasema, na kweli sikusikia, kilikatwa kwa umeme mbele ya macho yangu. Ngozi ya ndani ya utumbo haisikii kukatwa wala kuungua. Inachokisikia ni kuvutwa na kujazwa. Nimefundisha sayansi darasa la sita na la saba, na jambo hili sikulijua mpaka nilipoliona mwilini mwangu.

Mdogo wangu anasema nilipotolewa nilimuuliza nesi mara mbili kama amekunywa chai. Hilo silikumbuki kabisa. Kwa hiyo kipande fulani cha siku ile kimechukuliwa, hata kwa dozi ndogo, na sina ugomvi nacho. Jioni wenzangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, walikuja na fomu ya mkopo wanayotaka niisaini kama mweka hazina wao. Mdogo wangu aliwazuia sebuleni: saa 24 baada ya dawa zile mtu haendeshi gari wala hasaini karatasi. Walirudi kesho yake. Mimi nilikuwa nakula mtori alionipikia, chakula cha kwanza cha maana baada ya njaa ile.

Majibu ya kinyama yalirudi: si saratani, ila ni cha aina inayoweza kugeuka ikiachwa kwa miaka mingi, kwa hiyo nitahitaji kupimwa tena. Nilimwomba daktari aongeze mistari michache kwenye ripoti, chini ya picha. Akaandika: pethidini miligramu 50 itangulie, midazolamu miligramu 2, utumbo unajikunja kushoto, mgonjwa alazwe chali mapema. Safari ijayo nitakwenda nayo mkononi, na atakayenipima, hata akiwa mgeni kwangu, aanzie hapo.